UZITO WA TRELA SI ULE ULIOANDIKWA MLANGONI



Dereva akikamatwa kwenye mizani, neno la kwanza aulizwalo ni hili: "Kwa nini umezidisha mzigo?" Haulizwi karani aliyeandika karatasi. Haulizwi msimamizi wa godauni aliyehesabu mifuko, wala tajiri aliyesema lori lisitoke mpaka lijae. Huulizwa yule aliyeshika usukani, kwa sababu ndiye aliye karibu. Wale wengine wako mbali, wanakunywa chai.

Mwezi huu twataka kusema juu ya uzito wa trela. Si habari ya mainjinia peke yao. Ni habari ya mshahara, ya leseni na ya roho za watu. Madereva na mataniboi wengi wanaadhibiwa kwa sababu ya namba ambayo hawakuonyeshwa kabla ya kuondoka, na ikiwa hatujui kuihesabu namba hiyo sisi wenyewe, hatutaweza kubishana na mtu ofisini.

Tazama ubavuni mwa lori lolote la mizigo. Utaona uzito mtupu umeandikwa kwa rangi. Wengi wetu huamini namba ile kama wanavyoamini tarehe ya kuzaliwa iliyo katika kipande. Lakini iliandikwa lini? Iliandikwa siku gari lilipokuwa jipya, au lilipotoka kwa fundi mara ya mwisho. Tangu siku hiyo trela imevunjika sakafu ikatiwa chuma kinene zaidi. Imeongezwa nguzo za pembeni. Imechomelewa sanduku la vyombo, tena tangi la pili, tena chuma cha mbele cha kuzuia ng'ombe. Chasisi ilipopasuka ikawekwa kiraka cha chuma juu ya kiraka. Kila kitu hicho kina kilo zake, na namba ya mlangoni iko pale pale.

Namba ya pili ni ile ya karatasi ya mzigo. Hii nayo ni namba ya bidhaa tu. Simiti imehesabiwa, lakini mbao zilizowekwa chini yake hazikuhesabiwa. Mchanga umeandikwa kama ulivyokuwa umekauka, na ulipopakiwa ulikuwa umelala mvuani siku mbili. Magogo yaliyokatwa juzi yana maji ndani yake ambayo hakuna karani aliyeyapima.

Basi tufanye hesabu pamoja. Tuseme una lori lenye ekseli 3, nalo linavuta trela yenye ekseli 3. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari yasema hivi: ekseli ya usukani isipite tani 8, ekseli 2 za nyuma za lori, zenye tairi 4 kila moja, zisipite tani 18 kwa pamoja, na ekseli 3 za trela zisipite tani 24 kwa pamoja. Ukijumlisha wapata tani 50. (Gari lolote, hata likiwa na ekseli 7, mwisho wake ni tani 56.)

Mlangoni pameandikwa kwamba kichwa kitupu ni tani 9, na trela tupu ni tani 7. Jumla tani 16. Karani akupa mifuko 660 ya simiti, kila mfuko kilo 50. Hizo ni tani 33. Karani ajumlisha 16 na 33, apata 49, akuambia kwa furaha, "Nenda, bado una nafasi ya tani nzima."

Sasa tuhesabu yale ambayo karani hakuyahesabu. Una matangi 2 ya dizeli, kila moja lita 400. Lita moja ya dizeli ni kama gramu 840, kwa hiyo matangi yakijaa ni karibu kilo 670. Una magurudumu 2 ya akiba pamoja na rimu zake, kila moja yapata kilo 100. Jeki, minyororo, kamba na turubai, tuseme kilo 200. Halafu upo wewe mwenyewe, na taniboi, na magodoro, na unga, na sufuria, na jiko, na mitungi ya maji ya kunywa: weka kilo 250. Jumla yake ni kilo 1,320. Lile lori la tani 49 sasa lina tani 50 na kilo 320. Umezidisha, nawe hujaiba hata mfuko mmoja. Na bado hatujatia vyuma vya fundi, wala matope ya chini ya gari, wala maji ambayo turubai limekunywa usiku kucha.

Kwa hiyo uzito wa kweli wa trela ni mmoja tu: ule unaoonekana mizani ikiwa imesimamisha gari zima likiwa tayari kwa safari, dizeli ndani, watu ndani, kamba zimefungwa. Namba nyingine zote ni makisio. Makisio si mabaya, yasaidia mtu kupanga, lakini si haki kumpeleka mtu kortini kwa makisio ya mtu mwingine.

Tena jumla peke yake haitoshi. Mizani hupima gari zima, hupima na ekseli. Lori laweza kuwa na tani 49 na dereva akakamatwa vile vile, kwa sababu wapakiaji waliweka simiti nyingi nyuma, na ekseli 3 za trela zikabeba tani 26 mahali pa 24. Wakati huo ekseli za kichwa zina nafasi, lakini nafasi hiyo haimsaidii mtu. Jambo hili latokea sana, nasi twajua linavyotokea. Kupakia hufanywa usiku, kwa haraka, na vibarua wanaolipwa kwa mfuko. Mahali pengine dereva haruhusiwi kuingia ndani ya ua wakati wa kupakia. Huambiwa akangoje nje ya lango, na akiitwa akuta turubai limekwisha kufungwa. Kisha ndiye anayetakiwa kueleza pale Mariakani kwa nini mzigo umelalia nyuma.

Habari ya kontena ni mbaya zaidi. Kontena limepigwa lakiri, na dereva akivunja lakiri atashtakiwa wizi. Hana macho ya kuona ndani, ana karatasi tu. Je, karatasi za kontena ni za kuaminiwa? Tazameni mambo ya meli moja iliyoitwa MSC Napoli. Mwezi wa Januari 2007 meli hiyo ilipasuka katika dhoruba kwenye bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Mabaharia wote 26 waliokolewa, na meli ikapelekwa kukwamishwa karibu na pwani ya Devon. Wachunguzi wa Uingereza walipima kontena 660 zilizokuwa juu ya sitaha na ambazo hazikuingia maji. Wakaona kwamba kontena 137, yaani moja katika kila tano, zilitofautiana na karatasi zake kwa zaidi ya tani 3. Moja ilitofautiana kwa tani 20. Kwa jumla, zile 137 zilikuwa na tani 312 zaidi ya ilivyoandikwa. Wachunguzi hawakusema kwamba uzito huo peke yake ndio ulioivunja meli, lakini walisema uliipunguzia nguvu yake ya kustahimili. Na hizo zilikuwa kontena zilizopakiwa Ulaya, penye makarani wengi na mashine za kila namna.

Baada ya mambo kama hayo mataifa yalikubaliana. Tangu tarehe 1 Julai 2016, hakuna kontena lililojazwa linaloruhusiwa kupakiwa melini katika safari za kimataifa mpaka mwenye mzigo athibitishe uzito wake wote. Ama apime kontena zima likiwa limefungwa, ama apime kila kitu kinachoingia ndani, pamoja na mbao na vifungio, kisha aongeze uzito wa kontena lenyewe, ambao umeandikwa mlangoni mwake. Kontena la futi 20 likiwa tupu lina zaidi ya tani 2, na la futi 40 lina karibu tani 4. Hilo nalo ni jambo ambalo makarani wengine husahau.

Fahamuni maana yake, ndugu zangu. Kontena likishuka Kilindini kutoka ng'ambo, uzito wake uliothibitishwa ulikwisha kuandikwa kabla halijaingia melini. Nahodha aliujua, na yule aliyepanga kontena sitahani aliujua pia, asije akaweka zito juu ya jepesi. Basi kwa nini dereva anayelipokea kulipeleka Nairobi au Malaba hapewi namba hiyo hiyo? Haigharimu hata senti moja, ni namba ya kunakiliwa katika karatasi. Mimi naona jibu ni kwamba wako watu ambao kwao yafaa dereva asijue.

Wala jambo hili si geni katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1929 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Nambari 27. Mkataba huo ulisema kwamba mzigo wowote wa kilo 1,000 au zaidi unaosafirishwa kwa meli uandikwe uzito wake nje, waziwazi, kwa namna isiyofutika, kabla ya kupakiwa. Ulikuwa kinga ya makuli na wenye winchi, ambao walikuwa wakiuawa na mizigo iliyokuwa mizito kuliko walivyoambiwa. Karibu miaka 100 imepita, na dereva wa trela bado anangoja kinga ya namna hiyo.

Sasa mtu atasema, "Haya yote ni habari ya faini tu. Alipe aende." Sivyo. Faini ndiyo ndogo kuliko yote. Fikirini juu ya breki. Gari linaloteremka mlima lina nguvu inayotoka katika uzito na mwendo, na nguvu hiyo ni lazima igeuke kuwa moto ndani ya ngoma za breki. Lori la tani 60 likishuka pale ambapo lililoruhusiwa ni la tani 50, breki zile zile zinapewa moto zaidi kwa sehemu moja ya tano, na ngoma haikukua. Zikishapata moto sana, breki hazishiki, hata ukisimama juu ya pedeli kwa miguu yote miwili. Kila dereva wa njia ya Mombasa hadi Busia ajua mteremko wa Sachangwan kwenda Salgaa, ajua na Mai Mahiu. Watu wengi wamezikwa kutoka pale. Wenye magazeti huandika kwamba breki zilikatika, basi, mambo yamekwisha. Ni mara chache kuuliza lori lilikuwa na tani ngapi, na nani alizipakia.

Na hapa kuna neno jingine linalohusu tajiri. Kampuni inayompimia dereva dizeli kwa kibaba, na kumkata mshahara akitumia zaidi, inamfundisha kuteremka mlima huku ameitoa gari gia. Trela iliyozidi uzito, dizeli ya kupimiwa na mteremko mrefu: mambo hayo 3 yakikutana, kumlaumu dereva peke yake ni kutafuta mtu wa kubebeshwa.

Tusisahau barabara pia, ambayo ni mali yetu sisi tunaolipa kodi. Kati ya mwaka 1958 na 1960, kwenye barabara za majaribio zilizojengwa karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Wamarekani waliweka askari madereva kuendesha malori kuzunguka, kuzunguka, kwa miaka 2, ili waone barabara inavyochakaa. (Kazi ya kuchosha hiyo, sijui kama walilipwa ovataimu.) Waligundua kwamba madhara hayaongezeki sawasawa na uzito. Yanaongezeka karibu kwa uzito kuzidishwa kwa wenyewe mara 4. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibeba tani 12, huumiza barabara kama ekseli 2 na zaidi. Ikibeba tani 15, huumiza kama ekseli 5. Mashimo hayo ndiyo yanayokatisha springi na kupasua tairi, na taniboi ndiye anayelala chini ya gari usiku akizibadilisha.

Wanachama wetu wanaoendesha magari ya watalii wasidhani kwamba maneno haya ni ya malori peke yake. Trela ndogo ya safari, ile inayobeba mahema na vyombo kwenda Mara au Samburu, ina hila zile zile. Mwenye kuiuza hukuambia uzito wake ikiwa tupu. Kisha mpishi huleta mitungi 20 ya maji, kila mmoja lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 400. Mtungi wa gesi wa kilo 13 hauna kilo 13; hizo ni za gesi tu, na chuma chake kina kama kilo hizo tena. Kuna betri, kuna friji, kuna kuni, kuna soda za wageni. Trela ambayo mkono mmoja uliisukuma uani sasa ina uzito wa gari dogo. Tena mahali pa mzigo ni jambo kubwa. Katika trela ndogo za namna hii yafaa kiasi cha sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wote kilalie ndoana ya gari linalovuta. Ukirundika maji nyuma ya ekseli, trela itaanza kupunga mkia ukishika mwendo, na mkia ukiisha kupunga ndio unaoendesha gari, si wewe. Vitu vizito viwe chini, karibu na ekseli, na mbele yake kidogo. Mpishi akikasirika, akasirike.

Sasa twageuka kwetu wenyewe, maana haifai kuandika makosa ya upande mmoja. Wako wenzetu wanaopokea mzigo wa pembeni njiani: makaa magunia 10, ndizi, mahindi ya jamaa. Wako wanaozima taa na kupita njia ya panya ili kukwepa mizani, na wako wanaotoa kitu kidogo. Twajua mshahara ni mdogo. Lakini dereva aliyeongeza makaa hana mdomo wa kusema mbele ya tajiri kwamba uzito haukuwa wake. Anamharibia hata yule mwenzake ambaye hakuongeza kitu, kwa sababu ofisini watasema, "Ninyi nyote ndivyo mlivyo." Katika kesi kama hizo mjumbe wa chama hupata taabu kubwa kusimama.

Twataka nini? Twataka neno moja liingie katika mapatano ya kazi ya kila kampuni ya uchukuzi: trela isitoke kwenye ua wa kupakia mpaka ipimwe ikiwa tayari kwa safari, ekseli kwa ekseli, na nakala ya tikiti hiyo ikae mfukoni mwa dereva. Kampuni zenye malori mengi zaweza kununua mizani yao wenyewe. Ndogo zaweza kutumia mizani ya karibu na kulipa ada yake. Kwa kontena, uzito uliothibitishwa uandikwe katika karatasi anayopewa dereva. Tena dereva aruhusiwe kusimama pale trela yake inapopakiwa, na akisema mzigo umelalia nyuma, asikilizwe bila kutishwa.

Na faini? Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chaeleza tajiri anaweza kukata nini katika mshahara. Juu ya mali iliyoharibika au kupotea, aweza kukata kiasi cha haki tu, tena ikiwa mfanyakazi alikosa kwa kusudi. Na makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara. Mtu aliyengojeshwa nje ya lango mzigo ukipakiwa amekosa kwa kusudi gani? Twasema faini ya uzito uliopakiwa na kampuni ni ya kampuni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo nayo yamtaka mfanyakazi amweleze mkubwa wake akiona hatari kubwa, na yamkataza mwajiri kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Trela iliyozidi tani 6 mbele ya mteremko ni hatari kubwa, au sivyo?

Tangu sasa, kila dereva apatapo tikiti ya mizani, iwe ya Mariakani, Athi River, Gilgil, Webuye au Busia, aiweke, asiitupe. Nyuma yake aandike uzito uliokuwa katika karatasi ya mzigo, mahali alipopakia, na kama aliruhusiwa kuona mzigo ukipakiwa. Akikatwa mshahara kwa sababu ya uzito, alete na karatasi ya mshahara. Wajumbe wa matawi wazikusanye tikiti hizo kila mwisho wa mwezi na kuzipeleka kwa katibu wa tawi. Tutakapokaa na matajiri mezani wataleta hesabu zao, na sisi twataka kuwa na rundo letu. Asiyejua kuandika vizuri, taniboi wake amwandikie.